Kisanduku cha Juni Kumi na Nne

Kalenda ya bendi, Barabara ya Nane, Ngamiani:
kisanduku kimoja kimejaa wino hadi ukingoni.
Siku hii alizaliwa Kiondo wa fidla.
Siku hii hii, santuri ya kwanza:
uzi wa gitaa la Shekue ukakatika ubeti wa pili —
weka sindano, utausikia.
Siku hii Mwanamkuu alishusha kipaza sauti,
akaenda zake Pongwe, asiseme neno.

Mimi mshika daftari, hata filimbi sijui kupuliza.
Naandika: keki, elfu thelathini. Nyuzi, seti mbili.

Alfajiri mwanangu kajifungua, Makorora.
Nimetafuta upenyo kisandukuni, hakuna.
Jina la mtoto nimeliandika
juu ya tarehe yenyewe.
Sauti anayo. Mapigo, tutaona.