Kabla ya Kengele ya Pili

Saa kumi na moja alfajiri. Kyarumba bado haijakohoa.
Nawasha jiko kwa magunzi
na kurasa za kitabu cha nyimbo zilizoliwa na mchwa.
Mungu anisamehe:
ubeti wa tatu, tunaouruka kila Jumapili,
ndio unaoshika moto upesi.

Kikaango changu ni kifuniko cha sufuria ya harusi yetu.
Sufuria yenyewe ilibaki kwenye kilio cha mzee Mbusa
nikaona haya kuiulizia.

Buni zinageuka polepole,
rangi ya nyasi, rangi ya njia ya kwenda Kisinga,
rangi ya mlango wa kanisa ulioguswa na mikono mingi.
Kisha zinaanza kupasuka, ta, ta,
kama mgeni anayebisha
na hataki kuwaamsha watoto.

Mke wangu Kabugho hanywi kahawa.
Ameichuma tangu ana miaka sita kwenye mteremko wa baba yake;
anasema yake alikwisha kuinywa kwa vidole.
Yeye ni chai, tangawizi nyingi, kikombe cha bati.
Ijumaa aliniita "Mchungaji."
Akiniita hivyo ndani ya nyumba, najua nimekosa.

Ilikuwa siku ya wazazi shuleni.
Thembo alisimama mbele akakariri shairi la nyuki,
macho yake yakipita kiti kwa kiti.
Mimi nilikuwa kanisani naamua ugomvi wa kwaya:
ngoma ikae kushoto kwa mimbari, au kulia?
Tulikaa saa nne.
Ngoma ilibaki palepale ilipokuwa.

Na kahawa hii.
Niseme ilikotoka, maana hapa jikoni hakuna anayeandika kumbukumbu.
Mwezi uliopita mama Ithungu, mjane wa ng'ambo ya mto,
alileta sadaka ya nusu debe, amebeba mgongoni.
Mhazini akauma punje moja, akatema.
"Ina maji. Inadanganya mizani."
Watu wakanitazama.
Mahubiri ya mjane na senti zake mbili
nimeyatoa mara kumi na moja, yamo kwenye daftari langu;
na siku mjane alipokuja mwenyewe, kwa miguu yake,
nilitazama mizani.

Baadaye niliinunua, kwa pesa ya mafuta ya pikipiki.
Nikaianika juu ya mabati, nikawafukuza kuku,
nikatembea kwa miguu hadi kwa wagonjwa wangu wote.
Hakuna aliyeniuliza pikipiki iko wapi.
Mama Ithungu hajarudi ibadani.

Moshi umemwamsha Thembo. Amesimama mlangoni na blanketi,
hasemi neno, ananyoosha mkono apewe mchi.
Anatwanga.
Katikati ya kutwanga anaanza, chini kwa chini,
nyuki wa kwanza, nyuki wa pili,
mchi ukimpigia mizani,
mpaka mstari wa tano, anausahau.
"Hapa hata Ijumaa nilisahau," ananiambia.
"Mama alinionyesha kwa midomo."
Mimi siujui. Midomo yangu haina la kumwonyesha.

Nimeacha zilizobaki jikoni, zimeungua.

Kengele ya kwanza inalia, ile rimu ya lori kwenye mti wa msonobari.
Mahubiri yangu yana kichwa, hayana miguu.
Mlima umejifunika; theluji yake huonwa na wageni kuliko sisi.
Mzee Kule ataanzisha wimbo,
anazijua nyimbo ndefu.

"Anza tena," namwambia mtoto. "Nyuki wa kwanza."

Kabugho anatoka, kitambaa cha kanisani tayari kichwani.
Anachukua kikombe changu, anakinusa.
"Imeungua."
"Kidogo."
Anakatia tangawizi ndani, vipande vinene, bila kuniuliza,
ananirudishia,
anavuta kigoda upande wa mtoto
na midomo yake inaanza kucheza,
mstari wa tano.