Kilo

Daktari Kokushubira aliibandika picha kwenye taa
akaniuliza kazi yangu. Nikasema fundi mashine,
hizi za kufungwa nyuma ya mtumbwi.
"Basi utaelewa upesi."
Sikuelewa upesi.

Niliona kijivu, mikunjo,
kama utumbo wa sangara uliotupwa Mwaloni,
na doa jeusi, pana kama kizibo cha soda.
"Mbona liko kulia, na mlisema kushoto?"
"Picha inakutazama usoni. Kushoto kwake ni kulia kwako."

Hapo, nyuma ya kipaji, akasema,
ndipo maneno hufungwa mizigo
kabla ya kusafirishwa mdomoni.
Damu iliganda njiani,
gugu maji limejisokota kwenye propela:
mafuta tele, mashine nzima, chombo hakiendi.
Nikauliza kipuri.
Akanitazama kwa huruma. Hata Makoroboi hakiuzwi.

Dada yangu Nyamizi,
miaka kumi na tisa akinunua mabondo,
akiyapima kwa kiganja na kutaja bei
kabla mshale wa mizani haujatulia,
amebakiwa na neno moja.

Maji: kilo.
Zimeni taa: kilo.
Mkono wa kulia, uliolala kando yake
kama mkono wa mgeni: kilo.
Mimi Lubinza, niliyekulia mgongoni mwake: kilo.

"Lakini anakusikia," daktari akagusa juu ya sikio.
"Huku hakukuguswa."
Nikajaribu. Nikamwambia Sweke wa Igombe
kaleta mabondo yanayochuruzika maji, anaapa ni makavu.
Mdomo ukabeuka, upande mmoja tu:
"Kilo!"
Wodi nzima ikajua kwamba Sweke katukanwa.
Mwinuko wa sauti, nikaambiwa, una makazi yake upande wa pili,
na kule bado kuna umeme.

Macho yako mbele, anayetazama yuko nyuma, kisogoni.
Hilo lilinishangaza kuliko yote.

Kwenye mchoro wa ukutani kuna kidude kimejikunja,
ghala la kumbukumbu. Waliokipa jina
waliona farasi wa bahari. Mimi wa ziwani
nikaona kamongo mchanga.
Na kamongo, maji yakikauka, hujifukia topeni,
hupumua kwa kuiba,
husubiri.
Nyamizi akanyoosha mkono wa kushoto,
vidole vinne, kisha viwili.
Elfu arobaini na mbili, deni langu la tangu Pasaka.
Nilidhani limezama.

Usiku Bugando hunyamaza.
Chini ya yote, mahali panene kama dole gumba,
kuna mlinzi wa zamu asiyelipwa wala kusinzia:
vuta, toa, vuta.
Namhesabia. Dirishani taa za wavuvi wa dagaa
zimetapakaa majini; moja ikizimika,
za jirani husogea, husogea.
"Seli zilizokufa hazirudi," daktari alisema,
"ila jirani anaweza kujifunza kazi ya marehemu.
Polepole. Wengine hawajifunzi."
Sikulala.

Siku ya kumi na moja wakamsimamisha.
Kuna ubongo mdogo pale chini ya kisogo,
ndio uliompitisha kwenye ubao mwembamba
kutoka mtumbwini hadi nchi kavu, gunia kichwani,
bila yeye kuufikiria hata mara moja.
Sasa aliufikiria. Goti likacheza.
Hatua moja. Akalia kwa hasira, akakataa nisimfute machozi.

Leo kanitazama muda mrefu.
Mdomo ukahangaika, ukaacha, ukahangaika tena.
Nazijua mashine za baridi:
unavuta kamba, inakohoa, unavuta,
na mwenye haraka ndiye anayeikata.
Sikummalizia.
"Ki…"
Nje kunguru wakagombana kwenye bati.
"Kilo," akasema,
taratibu, sauti ikishuka mwishoni
kama mtu anayeita jina la mtu.

Nikaitika: naam.