Tambi za Jumapili

Kitabu kilitoka ndani ya robota la mtumba,
katikati ya makoti mazito ambayo Tanga haina baridi yake.
Mama mdogo Mwanamvua akakipangusa kwa upindo wa kanga,
akaona jalada, akapiga ukelele
Barabara ya Kumi na Tano nzima ikasikia:
"Hawa ni wale! Wale wa saa tatu usiku!"

Wale wa tamthilia. Ukoo wa Waitalia wa Marekani,
mbele duka la majeneza, nyuma mambo mengine,
tuliowatazama mwaka mzima nyumbani kwa kina Zumo
kwa sauti ya mfasiri mmoja aliyekuwa wote:
mume, mke, mtoto, na risasi.
Wanakula, wanabusiana mashavu, wanauana.
Wiki ijayo waliobaki wanakula tena.
"Mauaji yao siyataki," alisema Mama mdogo.
"Ila umeona wanavyokaa?
Hata mwenye bastola kiunoni anapakuliwa."

Nikamsomea huku akimenya saumu.
Kiingereza changu kilifika nusu ya njia,
nusu ya pili akaivuta binamu Mwinyikai wa Mombasa:
"Hapa pana siri ya mchuzi wa nyanya."
"Nyanya ya sokoni, au nyanya yenu nyinyi, bibi?"
Akakuna kidevu. "Zote mbili. Msimulizi ni bibi."

Ukurasa wa thelathini ukadai rihani.
Mwiko ukawekwa chini.
Rihani ni ya kikuba, ya bi harusi,
rihani ndiyo tuliyompandia mama yake kaburini,
leo iingie sufuriani?
Akachuma majani matatu, akapiga bismillahi mara mbili.

Nguruwe akamfuta kwa kalamu ya bluu, kwa adabu.
Penye mvinyo akaandika UKWAJU.
Penye jibini akawaza mno, akapaacha.
Nyanya za Mgandini zikachemka saa tatu kamili
na mkaa ukala fedha ya upatu.

Ndugu zake wawili akawaita, kila mmoja kwa uongo wake.
Sadala aliambiwa kuna mgonjwa.
Mwinchande, kuna mnunuzi wa baiskeli.
Miaka sita hawasalimiani,
tangu nyumba ya baba yao kule Makorora ipigwe ukuta,
nao ukuta ukapita katikati ya jiko:
mafiga mawili huku,
figa moja kule.

Wakakaa mkekani, sinia kati yao.
Mimi nikakumbuka sehemu ya ishirini ya tamthilia,
chakula hiki hiki, na mdogo alivyomwinukia mkubwa.
Nikatafuta visu kwa macho.
Hapakuwa na kisu; kwetu tunakula kwa mkono.

Sadala akatia tonge. Tambi nyekundu zikamning'inia ndevuni.
Akatafuna kama mtu anayesoma barua ya mahakama.
Tambi anazozijua yeye ni za sikukuu, za nazi na iliki.
"Sukari iko wapi?" akauliza, hakumuuliza mtu.
Na Mwinchande, macho kwenye sinia:
"Hata mimi naitafuta. Upande wangu haipo."

Sisemi walipatana. Ukuta upo.
Ila Jumapili iliyofuata Mwinchande alibisha hodi,
eti amesahau kofia.
Alikuwa ameivaa.

Mwanzoni mwa kitabu, kwa herufi za sisimizi,
wameandika kwamba watu hawa wote ni wa kubuni.
Bibi Filomena hakuzaliwa, hakuchemsha hata maji.
Mstari huo sikumsomea Mama mdogo.
Usiku namkuta kajiinamia na kalamu yake ya bluu,
anamjibu bibi wa watu pembeni mwa kurasa:

*Ukwaju umekubali.*
*Saa tatu ni nyingi, mkaa umepanda.*
*Halafu dada, umesema chumvi kiasi.*
*Kiasi cha nani?*