Fomu ya Tarafa ya Hijolkanda

Sehemu ya kwanza, swali la tatu:
"Eneo la nchi kavu ni hekta ngapi?"
Kalamu yangu imesita hapo tangu asubuhi.
Bwana mkubwa wa Dhaka, ungeniambia kwanza
unauliza mwezi gani.

Mwezi wa Choitro ningekujibu bila kumeza mate:
mpunga umetanda hadi macho yanachoka,
ng'ombe wamechora mistari myeupe udongoni,
na Suruj Ali anakwenda gulioni kwa baiskeli,
kuku wawili wananing'inia kwenye usukani
vichwa chini, wakiitazama tarafa kinyumenyume.

Mwezi wa Ashar baiskeli ile ile
imefungwa kwa kamba darini,
na pale ilipopita
bata mia nane wa Harendra wanapiga mbizi.

Wengine huyavulia maji nguo.
Sisi tunayavulia ardhi.

"Idadi ya vijiji."
Arobaini, au arobaini na kimoja?
Kilikuwapo Noyahati, kilima cha udongo wa kubebwa kichwani,
nyumba kumi na tisa zimebanana juu yake.
Mawimbi yalikimega kama mtoto amegavyo mkate,
kuanzia pembeni, bila haraka.
Wanawake walikizungushia mianzi na nyasi,
kila mwaka kiraka juu ya kiraka,
hadi usiku mmoja kikaenda
na nusu ya msikiti, na kaburi la mama yake Jobeda.
Jobeda sasa anakaa kwa shemejiye, Ratanpur.
Muulize kwao ni wapi:
ananyoosha kidole majini,
na kidole hakitetemeki.
Nimeandika arobaini na kimoja.

"Barabara."
Ipo moja, ya zege, tuliijenga ili izame.
Usicheke. Miezi sita inabeba pikipiki,
miezi sita inabeba kambare,
na hajalalamika mtu ila mkandarasi.

"Shughuli za jamii."
Harusi tunazingoja maji yajae,
maana mashua moja hubeba bibi harusi, kitanda,
mashangazi saba pamoja na ugomvi wao.
Kesi za mipaka zinangoja kiangazi.
Hakimu gani ataligawa wimbi?

"Majanga, kama yapo."
Mvua yenyewe hainyeshi kwetu.
Inanyesha milimani, ng'ambo ya mpaka,
deni linaletwa huku.
Mwaka huu, wiki moja kabla ya mavuno,
imamu wa Ratanpur alishika kipaza sauti usiku wa manane,
si kwa adhana:
"Tuta linavuja upande wa kusini! Majembe! Magunia!"
Na kengele ya hekalu, ng'ambo ya mfereji, ikaitika.
Nilimwona mwalimu wa hesabu amezama hadi kiunoni.
Nilimwona muuza chai, birika lake limeachwa motoni.
Nilimwona bibi Nirupoma, miaka sabini na ushee,
mfuko wa mbolea umejaa udongo kichwani pake,
akimtukana mhandisi wa wilaya
kwa jina lake, na la baba yake.
Mimi? Mimi nilishika taa.
Mtu wa ofisini hupewa taa.

Tuliyazuia siku mbili.
Siku ya tatu yakapita.
Katika siku mbili zile watu walivuna theluthi ya mpunga,
mwingine bado mbichi, wakiukata kwa kupapasa.
Theluthi hiyo ndiyo inayochemka sasa hivi
nyuma ya ofisi hii, nasikia harufu yake.
Nimetafuta kisanduku cha siku mbili.
Fomu yako haina.

Swali la tatu nimelijaza kwa penseli.
Ukitaka uhakika, njoo uhesabu mwenyewe,
viatu mkono mmoja, kasia mkono wa pili.

Na uniwie radhi kwa doa la buluu, ukurasa wa nne.
Ni muhuri, ulilowa.
Ukiinamisha karatasi kidogo kuelekea dirishani,
linatufanana.