Pete Saba za Ziada

Wanaliita bandaji: lifungukalo nusu.
Uso wake umekatwa katikati, nusu ya juu
huinama mbele kama mtu anayeitikia salamu.
(Sikio langu husikia kitambaa cha kidonda.
Tuliache.)

Lilifika kwa fundi Heo Dalgeun, mjini Jeonju,
juu ya mkokoteni wa kabichi,
na bibi wa miaka themanini na mmoja nyuma yake,
viatu vya mpira, akihesabu mikwaruzo.
"Kaza bawaba," alisema Malsun. "Ng'arisha shaba.
Kufuli liache. Ufunguo usichonge."

Kufuli lenyewe ni samaki,
magamba yamechorwa kwa ncha ya patasi, jicho duara,
kwani samaki hulala macho wazi
na mali hutaka mlinzi asiyesinzia.
Kwenye bawaba, vipepeo wawili wawili.
Pembeni, popo wa shaba nyeupe:
huku popo si mkosi, ni heri
iingiayo usiku bila kubisha hodi.

Fundi aling'oa misumari, mmoja mmoja,
akaipanga juu ya gazeti kama ilivyotoka.
Akasaga kigae cha paa, akachekecha unga wake,
akasugua na kusugua
mpaka kipepeo mmoja akamrudishia pua yake.

Mbao za ndani ni odongi,
mti mwepesi, wadudu hawaupendi.
Na desturi kila mtu anaijua:
binti akizaliwa, baba hupanda odongi nyuma ya nyumba;
binti akiposwa, shoka.
Mti na msichana, rika moja,
wanaondoka nyumbani siku moja.

Malsun aliolewa ana miaka kumi na tisa.
Heo, kwa mazoea tu, akaweka ukucha
kwenye kichwa cha ubao, akahesabu pete.
Akapandisha miwani, akahesabu tena.
Ishirini na sita.

Mti haukosei hesabu.

Alipolowesha karatasi za ndani ili gundi ya wali iachie,
tabaka la kwanza lilikuwa gazeti,
la pili mwandiko wa mtoto wa shule,
la tatu ukurasa wa daftari la baba:
deni la shayiri, bei ya ndama,
na mstari mmoja, wino umegeuka kahawia:
*Mche wa odongi, mmoja. Kwa Bunnam, aliyezaliwa jana.*

Bunnam.
Malsun maana yake ni wa mwisho, basi, yatosha;
jina la baba aliyechoka kungoja mwana wa kiume.
Kwa huyo, jembe halikutoka ghalani.

Siku tatu Heo aliihamisha ile karatasi:
chini ya kopo la gundi, juu ya rafu, mfukoni.
Siku ya nne bibi akaja na viazi vitamu,
na kabla hajavua viatu akaiona.

"Umefika kwenye karatasi," alisema.
"Mama alinisomea, usiku wa kuamkia harusi.
Dada aliondoka na surua, mimi bado sijazaliwa.
Hatukuonana. Ila mama alisema
yule mtoto aliogopa giza."

Akamenya kiazi, akampa fundi nusu.

Heo akainama, akachungulia tundu la kufuli.
Hakuna mkwaruzo hata mmoja.
Miaka sitini na miwili.

Akaibandika karatasi mahali pake,
safari hii maandishi yakitazama nje,
akaufunga ule uso, si kabisa:
akaacha upenyo wa unene wa kidole.
Samaki anang'aa. Hana kazi.