Na T

Karani wa masjala alivua miwani, akaivaa tena.
"Julia," akasema, kalamu tayari.
"Julita," nikasema.
"Ndiyo, Julia."
"Julita. Kuna T, kabla ya A ya mwisho."
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Nje, theluji ya Łódź ilikuwa imegeuka tope,
na Zbyszko, mume wangu,
ambaye nyumbani alikuwa simba wa jina hili,
alisimama mlangoni akisoma tangazo la chanjo ya mbwa
neno kwa neno.
Hatuna mbwa.

Hatukulitunga. Tulilikuta
chini ya tumbo la cherehani ya chuma
tuliyoinunua kiwanda kilipofungwa:
JULITA, ZAMU YA TATU,
limekwaruzwa kwa msumari.
Ni nani, hatujui. Aliyetuuzia hakujua pia.
Nilikuwa na mimba ya miezi saba, nashona mapazia ya watu,
na kila nikiinama kubadili uzi
kidole changu kilipita juu ya ile T
iliyochimbwa kuliko wenzake wote,
kana kwamba mwenye jina alichoka kusahihisha watu
akaona heri asahihishe chuma.

Mama mkwe, Genowefa, hakukasirika.
Afadhali angekasirika.
Alikunja nepi, akalainisha pindo, akasema:
"Julia ni jina zuri. Mmelikaribia sana.
Mbona hamkufika?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa ninalo nusu tu.
Labda ni kwa kuwa mtaani kwetu
ukifungua dirisha ukaita Julia
wanageuka wasichana wanne na paka mmoja.
Labda ni kwa kuwa shuleni nilikuwa Agnieszka K.,
maana kulikuwa na Agnieszka B. na Agnieszka W.,
na ile K ilinibana miaka minane
kama kiatu cha kuazima.
Nilitaka mwanangu awe na herufi yake,
ndani ya jina, si mkiani.

Keki ya ubatizo ikaja na maandishi ya sukari: JULIA.
Mwokaji aliona kosa, akaturekebishia, bila malipo.
Tukaila. Ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.
Kadi ya kliniki: Julia.
Bangili ya mjomba kutoka Gdynia: Judyta,
na huyo angalau alijua pana T mahali fulani.
Kwenye kioski cha stesheni vikombe vya majina vimejipanga,
Julia, Julia, Justyna,
halafu ukuta.

Husemwa jina jema hung'ara gizani.
Haikusemwa ling'are vipi
ikiwa kila anayelishika analifuta vumbi
na kuondoka na herufi moja.
Kuna usiku niliogopa. Nilijiona nimemrithisha kibarua:
"hapana, na T," kwa walimu,
"na T," kwa waganga wa meno,
"na T," kwa kijana fulani, siku fulani, akiwa amechoka,
naye kijana acheke, au asicheke.
Nikashuka kitandani, nikaenda kuipapasa cherehani.
Ilikuwa baridi. Haikuniambia kitu.
Lakini yule mwanamke alikuwa na zamu nzima mbele yake,
mashine zinanguruma, msimamizi anapita,
na bado alipata dakika ya kuchimba.

Saa tisa, kutoka chumba cha pili, sauti.
"Analia," akasema Zbyszko, mdomo ndani ya mto.
Nikasikiliza.
Ilipanda, ikakatika, ikapanda tena,
na pale ilipokatika palikuwa na kitu kidogo kigumu,
kama ulimi uliogonga mlango.

"Halii," nikasema. "Anaita."

"Anamwita nani?"

Nilikuwa nimeshawasha taa ya cherehani,
natafuta ndara ya pili.