Inchi Kumi na Tatu

Yalikuja na lori la samaki, manne,
yananuka mpira mpya na chewa,
na kaka yangu Sölvi akayazunguka
kama mnunuzi amzungukavyo farasi, bila kugusa.
"Arobaini na nne," alisema.
Ya zamani yalikuwa thelathini na moja.
Nilikuwa chini ya gari, mgongo kwenye saruji,
nikawaza ile shafti ndani ya bomba lake,
unene wa mpini wa nyundo,
hakuna aliyeiuliza.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Huku Egilsstaðir hakuna anayelicheka tairi kubwa.
Litoe upepo mpaka lilegee kama shavu la babu,
litapita juu ya theluji iliyomeza farasi hadi tumboni.
Hilo sikatai.
Ila mpe mtu mwenye hasira spana fupi, nati itamshinda;
chomeka bomba refu kwenye spana hiyohiyo,
mtoto ataikata bolti.
Tairi ndilo bomba refu.
Mkono ni wa barafu.

Tukakata matao kwa msumeno, tukainua bodi.
Injini ikaanza kuhema kwenye kila kilima,
tukabadili gia za difu:
pinioni ya meno saba palipokuwa na kumi.
Gari likapata nguvu, likapanda kama mbuzi.
Nguvu ilipoongezeka, meno yalipungua,
na mimi ndiye niliyeyafunga, kwa mikono hii,
nikayapaka oili, nikafurahi.

Septemba nikaichomoa shafti kubadili bering.
Ile mifereji ya mwishoni,
iliyochongwa wima kama mistari ya daftari,
ilikuwa imelala upande. Kidogo.
Nusu ya upana wa kucha.
Chuma kilikuwa kimeanza kusokotwa.
Nje, Ketill mwana wa Sölvi alikuwa amesimama ndani ya rimu,
ameinyoosha mikono, haifiki juu,
na baba yake anacheka kicheko ambacho
hatukukisikia tangu mama yake Ketill aondoke.
Nikaifuta kwa tambara.
Nikairudisha.

Machi. Juu ya barafu, upepo wa ubavuni.
Tairi la nyuma kushoto lilikuwa hewani, linazunguka bure,
kilo zote zile za mpira zinazunguka bure,
na Sölvi hajaondoa mguu kwenye mafuta;
gari likainama, tairi likaikuta barafu kavu.
Ta.
Basi. Sauti ya biskuti.
Injini ikanguruma, propela ikazunguka,
na nguvu yote ikaishia gizani ndani ya bomba
kama barua iliyotumwa kwa aliyehama.

Tulirudi kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele,
kilomita ishirini na sita, saa tisa,
Ketill amelala mapajani mwangu na buti zake,
difu ya mbele inalia wembamba,
na mimi nimehesabu kila mlio.

Sasa kila anayepita gereji ana dawa yake.
Weka shafti nene, wanasema.
Nitaweka. Kisha kuvunjika kutahamia kwenye krauni.
Nikiiimarisha krauni, kutahamia kwenye propela,
kisha giaboksi, kisha stelingi, kwenye mteremko.
Kuvunjika hakufi. Kunahama nyumba tu,
na afadhali kukae pale ninapopafikia kwa spana.

Jana Sölvi alikiokota kipande dirishani.
Akakipeleka kwenye taa.
Nusu ya jeraha ilikuwa inang'aa, ya siku ile;
nusu ilikuwa nyeusi,
oili imeshaingia, imekaa, imezoea.
Kidole gumba chake kikafuata mifereji
hadi inapopinda, kikasimama.
"Huu weusi," alisema, "si wa Machi."

Si wa Machi.
Nilikuwa nimeshika tochi,
nikaendelea kummulikia.